Mgeni wa Chuo Anatafuta Mtu wa Kuzungumza Naye

Mhadhara wa mwisho ukiisha jioni, Kiingereza nacho kinabaki darasani. Wanafunzi hawajafika hata kwenye kibanda cha chai nje ya lango, lugha imekwisha badilika. Embu utasikia Kiembu, Kimbeere na Kikuyu. Meru utasikia Kiimenti, Kitigania na Kiigembe. Kote utasikia Kiswahili, na vijana wakiwa peke yao, Sheng. Kondakta wa matatu haiti abiria kwa Kiingereza. Mama mboga wa soko la Gakoromone hapatani bei kwa Kiingereza. Hata makomredi wawili, yaani wanafunzi wa chuo, waliokuwa wakibishana kwa Kiingereza mbele ya mhadhiri humalizia ubishi wao nje kwa lugha ya nyumbani.

Mwanafunzi aliyezaliwa hapa haoni ajabu yoyote. Ndivyo alivyoishi tangu darasa la kwanza: Kiingereza cha daftari, Kiswahili cha uwanjani, lugha ya mama ya jikoni. Lakini kwa aliyetoka Bujumbura, Goma, Juba au Mogadishu, hapo ndipo kazi inapoanza. Alikuja Kenya akiwa ameambiwa kwamba huku watu wanaongea Kiingereza, na habari hiyo ni kweli nusu. Atakisikia kwa mhadhiri, atakisoma ukutani kwenye slaidi, atakiandika kwenye majaribio ya CAT na kwenye mtihani wa mwisho wa muhula. Kitu asichokipata kwa urahisi ni mtu wa kukaa naye nusu saa wakazungumza mambo ya kawaida: usiku ulikuwaje, nyumbani hawajambo, mechi ya jana iliishaje, kwa nini mvua ya huku haina huruma.

Walimu wa Kiingereza wapo, na vitabu vipo. Mazungumzo ndiyo adimu. Na mazungumzo hayahitaji shahada. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, karani wa maktaba, mama mwenye nyumba ya kupangisha au mwalimu mstaafu anaweza kuyatoa, mradi ajue namna ya kukaa na mgeni bila kumchosha wala kumwaibisha. Makala haya yanahusu namna hiyo.

Barabara ya kutoka Embu hadi Meru imekuwa barabara ya vyuo vikuu katika muda mfupi. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati mwaka 2016, kiko kando yake. Ukipita Runyenjes na kushuka hadi Chuka unakuta Chuo Kikuu cha Chuka, chenye hati tangu 2013. Baada ya Chogoria na Nkubu unaingia Meru mjini, na huko Kaaga kuna Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, maarufu KeMU, kilichopata hati mwaka 2006. Endelea upande wa Maua, utafika Nchiru kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ambacho hati yake pia ni ya 2013. Miji iliyozoea wageni wa kahawa, majani chai, miraa na muguka sasa ina wageni wa vitabu pia. Wengi wametoka kaunti nyingine za Kenya. Wachache wamevuka mpaka.

Wanaovuka mpaka wana sababu ya kukimbilia Kiingereza. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake mwaka 2024. Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 137, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kikapewa nafasi ya kukuzwa kama lugha ya mawasiliano mapana. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba shule zake zihame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Burundi ilikifanya Kiingereza kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2014. Sudan Kusini ilikichagua ilipopata uhuru mwaka 2011, ingawa vijana wake wengi walikuwa wamesomea Khartoum kwa Kiarabu. Maamuzi hayo yalifanywa na wakubwa mezani. Anayeyabeba kila asubuhi ni kijana wa miaka ishirini anayenyanyua mkono darasani, kisha anaushusha kwa sababu sentensi haijakamilika kichwani.

Lakini tusidhani kwamba kila mgeni anahitaji msaada huu. Msudani Kusini aliyelelewa kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, huenda alisoma mtaala wa Kenya tangu utotoni na Kiingereza chake kikawa sawa na cha jirani yake wa Nkubu, au kikamzidi. Mnyarwanda aliyeanza shule baada ya 2008 si sawa na kaka yake aliyeanza kabla. Kwa hiyo adabu ya kwanza ni kuuliza. Mwambie, "Ndugu, ukitaka mtu wa kupiga naye gumzo kwa Kiingereza, nipo," kisha mwachie nafasi akubali au akatae.

Kuna jambo linalowashangaza wengi wetu: mtu anaweza kusoma kitabu kizima cha uchumi kwa Kiingereza na kupata alama nzuri, halafu akashindwa kumweleza mlinzi wa lango kwamba amepoteza kitambulisho cha chuo. Tunakimbilia kusema ni mwoga, au kwamba alama zile ni za kunakili. Mara nyingi hakuna lolote kati ya hayo. Huko Kanada, watoto wa familia zinazoongea Kiingereza waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi walielewa Kifaransa vizuri mno, lakini kinywani waliendelea kubaki nyuma. Mtafiti Merrill Swain aliandika mwaka 1985 kwamba kusikia tu hakutoshi; mtu lazima asukumwe kutunga sentensi zake mwenyewe, aone mahali zinapokwama, azirekebishe na ajaribu tena. Chumba cha mihadhara chenye wanafunzi mia mbili hakimpi mtu nafasi hiyo. Kozi ya pamoja ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza hufundisha kuandika muhtasari, kutumia maktaba na kupanga insha, na hayo ni mambo ya maana, lakini haiwezi kumpa kila mmoja dakika ishirini za kuongea.

Naye Jim Cummins, pia wa Kanada, alitofautisha tangu 1979 lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo. Alieleza kwamba watoto wahamiaji hupata ile ya mazungumzo kwa takriban miaka miwili, huku ile ya masomo ikichukua miaka mitano hadi saba. Mgeni wetu wa Kaaga au wa Nchiru mara nyingi amepita njia ya kinyume: ameanza na ya masomo, ya mazungumzo bado. Watoto wale walijifunza uwanjani kwa sababu uwanja mzima ulikuwa wa Kiingereza. Uwanja wa Meru ni wa Kimeru.

Na hapa kuna mtego mwingine ambao wenyeji hatuuoni kwa sababu una sura ya ukarimu. Kijana wa Goma anajua Kiswahili. Kijana aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, anakijua pia. Wakikutana na mwenyeji wa Embu, kwa dakika moja wote wamehamia Kiswahili, kicheko kimepatikana na urafiki umeanza. Ni jambo jema, na mimi mpenzi wa Kiswahili nalifurahia. Lakini Kiingereza cha mgeni hakijasogea hata hatua. Rafiki anayetaka kusaidia kweli inabidi ajizuie kidogo. Wakubaliane saa maalumu, tuseme Jumatano baada ya chakula cha mchana, ambapo watazungumza Kiingereza tu, hata kama sentensi zinatoka kwa taabu. Saa hiyo ikiisha, warudi kwenye lugha ya raha zao.

Sasa tuketi na mgeni.

Mahali pawe pa wazi na penye utulivu: benchi chini ya mti nyuma ya maktaba, meza ya pembeni ya mesi wakati watu wamepungua, mkahawa mdogo wa mjini usio na muziki wa kupasua masikio. Kutembea ni bora zaidi, kwa sababu njia yenyewe huleta mada. Wenye kuishi Embu wanaweza kutembea upande wa msitu wa Njukiri wakiwa kundi. Wa Meru wana jumba la makumbusho katikati ya mji, na kuna mengi ya kuuliza humo. Wakiwa wa jinsia tofauti, uwazi huo ni muhimu maradufu, na mwenye kusaidia asiigeuze saa ya mazungumzo kuwa saa ya kutongoza. Mgeni aliye mbali na kwao, asiyejua desturi za hapa, hawezi kukataa kwa wepesi. Anayetaka uchumba aseme uchumba siku nyingine, mahali pengine.

Mada isiwe sarufi. Muulize mambo ambayo yeye anayajua na wewe huyajui. Kivu kukoje asubuhi? Mama anapika nini siku ya sikukuu? Kwenu harusi inaanza na mazungumzo ya nani? Mtu anayeeleza kitu anachokipenda husahau kwamba anaongea lugha ya kigeni. Swali la ndiyo au hapana linamfungia mlango. Swali la "ilikuwaje" linamfungulia. Na ukishauliza, nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa watu wachangamfu wa milimani. Mgeni akikwama, wenyeji hukimbilia kumalizia sentensi yake, wakidhani wanamwokoa. Wamemnyang'anya zoezi lenyewe. Zile sekunde tano au sita za ukimya zinazotutia haya ndizo anazotumia kulitafuta neno, na akilipata mwenyewe halitampotea tena kirahisi.

Punguza mwendo, usipandishe sauti. Mgeni si kiziwi. Akikuangalia bila kuelewa, usirudie maneno yale yale kwa nguvu zaidi. Yaseme kwa njia nyingine, au eleza kwa mfano. Na mwombe naye afanye hivyo hivyo anapokosa neno: kama hajui jina la mwiko kwa Kiingereza, aeleze kwamba ni kile kitu cha mti cha kusongea ugali. Anayejua kulizunguka neno asilolijua hawezi kukwama popote, iwe kwa daktari, benki au mbele ya jopo la mahojiano ya kazi.

Kuhusu kusahihisha, wengi hukosea kwa kuzidisha. Ukikatiza kila sentensi, ataacha kuongea kabla ya wiki ya pili. Usiposahihisha kamwe, atabaki na makosa yale yale miaka minne. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa huko Montreal, wakaandika mwaka 1997 kwamba walimu walitumia zaidi njia moja: kuirudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa, bila kusema kwamba kulikuwa na kosa. Njia hiyo ilikuwa zaidi ya nusu ya masahihisho yote. Lakini ndiyo iliyomfanya mtoto ajirekebishe mara chache zaidi, maana hakutambua kwamba alikuwa akisahihishwa. Darasa la watoto si benchi la marafiki wawili, ila funzo linafaa. Mgeni akisema "Yesterday I go to the market," unaweza kujibu kwa upole "You went to the market? What did you buy?" na mazungumzo yakaendelea. Ukiona hakulisikia lile badiliko, na kosa limejirudia siku nzima, mwulize waziwazi mwishoni: ni go au went? Atafikiri, atachagua, atacheka. Kosa moja kwa kikao linatosha. Chagua lile linaloharibu maana, mengine yaache yapite.

Lugha anayotoka nayo itakuonyesha pa kuangalia. Aliyesoma kwa Kifaransa anaposema "actually" mara nyingi anamaanisha sasa hivi, kwa kuwa neno linalofanana nalo la Kifaransa lina maana hiyo. Na akikwambia "I assisted the lecture" hakumsaidia mhadhiri, alihudhuria tu. Aliyekulia kwenye Kiarabu au Kisomali hana sauti ya p katika lugha yake, kwa hiyo itatoka b. Mrundi na Mnyarwanda huchanganya l na r. Mwembu anayemsikiliza asishangae, kwa sababu Kiembu hakina l, na wazee wengi wa Kangaru na Runyenjes wanalijua pambano hilo kwa ndimi zao wenyewe.

Zipo pia njia ndogo za kuongeza kasi. Moja aliiandika Keith Maurice mwaka 1983, kisha Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, New Zealand, akaichunguza mwaka 1989. Mgeni anasimulia jambo moja kwa dakika nne kwa msikilizaji wa kwanza. Anamgeukia wa pili na kusimulia jambo lile lile kwa dakika tatu. Wa tatu anasimuliwa kwa dakika mbili. Hakuna anayemkatiza. Kufikia mara ya tatu maneno yamekwisha zoeana na ulimi, na mtu aliyekuwa akisitasita anajisikia mwenyewe akitiririka. Zoezi hili halina gharama. Linahitaji marafiki watatu na saa ya simu.

Simu yenyewe ni mtihani wa peke yake. Ana kwa ana, mgeni husoma uso, mikono na macho. Kwenye simu vyote hivyo hutoweka, na ndipo utamwona mtu anayeongea vizuri barazani akimpa mwenzake simu amjibie mwenye nyumba. Mfanyie mazoezi. Mtumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa nusu dakika jioni, naye akujibu kwa sauti. Anaweza kuusikiliza wako mara tatu na kuurekodi wake upya mara tano kabla hajautuma, na hakuna anayemwona. Baadaye mpigie kabisa.

Igizeni pia zile nafasi chache ambazo hapa kwetu Kiingereza kinadaiwa kweli: kuomba muda zaidi kwa mhadhiri, kueleza ofisi ya masuala ya wanafunzi kwamba malipo ya karo hayajaonekana kwenye mfumo, kumweleza daktari maumivu yako wapi na yalianza lini, kuwasilisha kazi ya kundi mbele ya darasa. Mmoja awe mhadhiri, mwingine mwanafunzi, kisha wabadilishane. Lakini usimwandikie kazi yake ya kozi. Akikuomba, mwambie akueleze kwa mdomo anachotaka kuandika, mpaka kieleweke, halafu akaandike mwenyewe. Hapo utakuwa umemsaidia mara mbili.

Nimeacha jambo zito kuliko yote, nalo ni kicheko.

Kenya ina tabia ya kucheka ulimi wa mtu. Tumeitungia hata neno, kushrabu, na mtu akishrabu mbele ya watu, lugha ya mama yake ikijitokeza ndani ya Kiingereza chake, ukumbi hulipuka. Wameru wanachekwa Nairobi. Waembu wanachekwa. Wakamba, Waluo na Wakisii nao wanachekwa. Halafu sisi tuliochekwa Nairobi tunarudi Meru na kumcheka Mrundi. Mgeni hawezi kupambanua kicheko cha mapenzi na kicheko cha dharau. Anachojua ni kwamba alifungua kinywa na watu wakacheka. Wiki ijayo ataketi nyuma. Muhula ujao atakaa na wenzake watatu wanaoongea lugha yake, chumba kimoja, meza moja mesi, na tutasema wageni hawa wanajitenga.

Tabia hii ina mizizi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza katika kitabu chake cha 1986 kuhusu ukoloni wa akili jinsi mtoto aliyenaswa akiongea Kikuyu karibu na shule alivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu. Wangari Maathai, aliyesoma Mathari huko Nyeri, upande wa pili wa Mlima Kenya, naye alisimulia katika kumbukumbu zake za 2006 habari za kibao kama hicho kilichopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto. Wazazi wengi wa Embu na Meru walikivaa, na hata waliozaliwa baada ya uhuru wanakikumbuka. Tulifundishwa kwamba Kiingereza ni kitu cha kuogopa, na kwamba kukosea ni fedheha inayostahili kuonyeshwa hadharani. Kibao kimeondoka shingoni. Kicheko kimebaki kikifanya kazi ile ile.

Maathai huyo huyo alikuwa mwanafunzi wa kimataifa. Mwaka 1960 aliondoka Kenya kwenda Atchison, Kansas, Marekani, katika wimbi la safari za wanafunzi lililoanzishwa na Tom Mboya, ambapo kundi la kwanza la vijana 81 lilipaa Septemba 1959. Vijana wale wa Kenya walifika wakijua Kiingereza cha misheni, wakakuta kingine kabisa midomoni mwa Wamarekani. Ziko familia kule zilizowafungulia milango, wakala na kuongea na wenyeji hadi masikio yakazoea. Tulipokea ukarimu huo kama taifa. Sasa zamu imefika kwetu.

Na kuhusu lafudhi, Meru ina ushahidi wake mbugani. Joy Adamson, aliyeandika habari za simba Elsa, hakuzaliwa na Kiingereza. Alizaliwa mwaka 1910 katika himaya ya Austria na Hungaria, lugha yake ya kwanza ikiwa Kijerumani, akafika Kenya mwaka 1937 akiwa mtu mzima. Elsa alirudishwa mwituni katika eneo la Meru, akazikwa huko mwaka 1961, na kitabu cha Kiingereza kilichotoka mwaka 1960 kikasomwa duniani kote. Adamson alipata wasaidizi wa kunyoosha maandishi, kama kila mwandishi. Lafudhi yake ilibaki na haikumzuia kueleweka.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza ajifunze Kiingereza cha nani, cha London au cha New York, mwambie ukweli. Mwanaisimu wa India, Braj Kachru, alionyesha mwaka 1985 kwamba nchi kama Kenya, India na Nigeria zina Kiingereza chao kilichokwisha ota mizizi, chenye matumizi yake ya heshima. Mgeni anayeishi Embu anahitaji kwanza kuelewa Kiingereza cha Embu. Mweleze kwamba rafiki akimwambia "You are lost" hamwambii kwamba amepotea njia. Anamwambia hawajaonana siku nyingi na kwamba alimkosa. Mweleze kwamba "sorry" hapa husemwa hata na asiyekosa lolote, kwa kuwa ndani yake mna pole. Mweleze kwamba anayesema "I'm coming" huku akitoka mlangoni atarudi. Kisha mwonye kwamba mtahini na mwajiri wa nchi nyingine huenda wasiyajue hayo, ili awe na njia mbili za kusema.

Wala msaada huu hauendi upande mmoja. Mgeni wa Bujumbura ana Kifaransa, na kijana wa Meru anayetamani kazi katika mashirika ya kimataifa Kigali, Goma au Geneva atakihitaji. Msomali na Mjuba wana Kiarabu. Saa moja ya Kiingereza ilipwe kwa nusu saa ya lugha ya mgeni, na pale inapowezekana Kiswahili kipewe zamu yake, hasa kwa Msudani Kusini ambaye kitamfaa sokoni leo na katika Jumuiya kesho. Mgeni anayefundisha kitu hujiona mwenzio na si mwombaji, na hadhi hiyo hulegeza ulimi kuliko zoezi lolote.

Vyuo vinaweza kurahisisha mambo bila bajeti kubwa. Chumba kimoja alasiri moja kwa wiki, kikitangazwa kwenye ubao na kwenye makundi ya WhatsApp ya mwaka wa kwanza, kinatosha kuanzia. Idara za elimu zina wanafunzi wanaojiandaa kuwa walimu wa Kiingereza. Wapewe mgeni mmoja mmoja kwa muhula, na mazoezi hayo yatambuliwe. Makanisa na misikiti ya Kaaga, Nkubu, Chuka na Embu mjini yana kumbi zinazolala tupu siku za wiki, na yana walimu wastaafu wenye subira na Kiingereza kilichonyooka ambao hakuna anayewaomba kitu. Waombwe.

Kwako wewe komredi wa Embu, Chuka, Kaaga na Nchiru unayesoma haya Jumamosi: Jumatatu utaingia darasani na kuna mmoja aketiye pembeni, ambaye hujawahi kusikia sauti yake. Msalimie kwa Kiingereza rahisi, mwulize ametoka wapi, na umpe muda wa kujibu. Panga naye saa moja wiki hii, na nyingine wiki ijayo.